Bibi wa Jembe na Ubao



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita tuliahidi kuanza mazungumzo juu ya mirathi, na ahadi ni deni. Lakini hesabu za mafungu huwachosha vijana zikitangulizwa peke yake, kwa hiyo twaomba ruhusa tuanze na khabari za mtu mmoja. Ni bibi wa milima ya Kasulu, aliyetufundisha alifu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ametukataza. Yu hai, alhamdulillahi, na umri wake umepita miaka 80.

Kuzaliwa alizaliwa upande wa Kibondo, na angali mtoto alichukuliwa na mjomba wake kwenda Ujiji kumsaidia mkewe kulea. Wajuao nchi yetu wajua kwamba Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Katika nyumba ile jirani alikuwako mwanamke aliyesomesha watoto wa kike uani kwake, na yule mtoto wa Kibondo, akiwa na kichanga mgongoni, alisimama karibu na ukuta akisikiliza. Siku moja mwalimu alimwuliza mwanafunzi wake aya, naye akashindwa; aliyejibu ni yule yaya. Tangu siku hiyo akapewa ubao wake mwenyewe. Hakurudi kwao ila amehitimu msahafu mzima.

Aliolewa Kasulu yapata mwaka 1957. Ni zama zile ambapo Mwami Theresa Ntare alikuwa akitawala Heru, mwanamke akiketi kuamua mashauri ya wanaume. Twalitaja hili kwa sababu wako wenzetu wasemao kwamba mwanamke kuwa na neno barazani ni jambo geni kwa watu wa milimani. Si geni. Ni sisi tuliosahau.

Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliondoka mwaka wa pili wa ndoa yao kwenda Tanga kukata mkonge. Wengi wa Buha walikwenda hivyo, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alihisabiwa kwa namba yake. Huyu alikaa miaka minne. Nyumbani alibaki mke na mtoto mmoja, na jembe moja. Mvua za mwanzo zikinyesha alipanda mahindi pamoja na maharage. Hayo yakivunwa, mwezi wa Machi alirudia maharage peke yake. Kiangazi alishuka bondeni. Bonde lile lilikuwa matete matupu, hapana aliyelitaka. Alilifyeka kidogo kidogo, akachimba mifereji ya kutoa maji yaliyotuama, na mwaka wa tatu akala humo mboga na viazi vitamu wakati ambapo majirani walikuwa wakinunua chakula. Twaomba msomaji alikumbuke bonde hili.

Kusomesha alianza kwa mtoto wake. Wakaja wa jirani, kisha wa jirani wa jirani. Chuo kilikuwa chini ya migomba, baada ya kutoka shamba na kabla ya kuinjika chungu cha jioni. Wino ulikuwa wa masizi. Ada hakutoza; kila mtoto alikuja na ukuni mmoja, na ukuni ule ndio uliopika ugali wa muhogo alioula huyo huyo mtoto kabla hajaondoka. Sisi tulifika hapo mwishoni mwa miaka ya 1970, na twakumbuka kwamba aghlabu hakuketi nasi. Alikuwa jikoni katika moshi, au akipepeta maharage, sisi tukisoma kwa sauti. Mtu akikosea irabu moja, kikohozi kilitoka jikoni. Hakusema neno. Basi watoto kumi na watano hunyamaza, kila mmoja akijiuliza kama ni yeye. Tulidhani kwa muda mrefu kwamba ana maradhi ya kifua.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika wakapangwa katika vijiji. Migomba yake iliachwa nyuma na kijiji kipya kilikuwa kichaka. Alihama na watoto, mbegu, na mbao za chuo alizozifunga kwa kamba za migomba. Bahati njema bonde lake halikuwa mbali, akaendelea kulilima kwa kwenda na kurudi.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima, ambacho serikali ilikuwa ikikihimiza nchi nzima, na mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa taifa. Waandikishaji walipopita waliuliza kama ajua kusoma. Akasema ajua. Wakampa kitabu cha herufi za Kirumi, hakuweza, wakamwandika miongoni mwa wasiojua kusoma na kuandika. Mwanamke aliyehitimu Kurani na aliyekwisha kuhitimisha wengine! Sisi tungalikasirika. Yeye aliingia darasani jioni, akaketi na wenzake, na kabla ya mavuno mawili kupita akawa ndiye awasaidiaye wanawake ambao mwalimu wao hakuwa na subira nao. Alituambia baadaye kwamba herufi ni herufi, zile zaanzia kulia na hizi zaanzia kushoto, na mkono ni ule ule.

Sasa tuje katika jambo lililotufanya tuandike.

Mumewe alifariki mwaka 2004. Alikuwa na mke huyu mmoja tu, wana wanne wa kiume na mabinti watatu. Wazee walikutana kugawa, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuwa mwalimu wa madrasa, sisi ndio tulioshika kalamu. Tuliorodhesha nyumba, ng'ombe, mibuni, shamba la juu na bonde. Tukatoa gharama za maziko. Tukauliza madeni ya nje, hayakuwako. Kisha tukafanya hesabu kama tulivyofundishwa: mke mwenye kuachwa na watoto, thumuni, kilichobaki, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na tuliridhika nayo. Bonde lilimwangukia mwana wa pili.

Bibi alikuwa ameketi nyuma ya mlango. Tulipomaliza akakohoa.

Wallahi, wasomaji, tulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30, na moyo wetu uliruka kama wa mtoto mwenye ubao. Akasema, "Maalim, nina swali. Lile bonde alilifyeka nani?" Wazee wakatazamana. Mmoja akajibu kwamba mali ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Naye hakuendelea, na sisi hatukusema kitu. Tulifunga daftari tukaenda kula.

Kosa letu lilikuwa hili. Mirathi hugawa mali ya marehemu, na kabla ya kugawa lazima ijulikane mali ya marehemu ni ipi. Katika sharia mali ya mke ni yake, haiingii katika ya mume kwa sababu ya ndoa. Akinunua ng'ombe kwa fedha za maharage yake, ng'ombe ni wake. Akihuisha ardhi iliyokuwa haina mwenyewe, ni yake. Hali kadhalika mahari: yasipolipwa ni deni, hulipwa kabla mrithi hajashika hata kuku, na sisi hatukuuliza kabisa habari ya mahari. Tulimpa thumuni ya kitu kilichokuwa chake chote, na tukakiita kitendo hicho haki kwa sababu tarakimu zilijumlika.

Miaka miwili ilipita kabla hatujapata ujasiri. Tulimwendea sheikh aliyetusomesha faraidh, tukamweleza. Alituuliza swali moja tu, kama alikuwako shahidi wa kufyekwa kwa bonde. Tukasema kijiji kizima ni shahidi. Akasema, "Basi wamngoja nani?" Tukawakusanya watoto wa marehemu. Mabinti waliridhia mara ile ile. Wana watatu waliridhia baada ya maneno mengi. Yule aliyepewa bonde alikataa kwa msimu mzima, na hatumlaumu sana, kwani alikuwa amekwisha kutia humo jasho lake. Mwishowe alirudisha, akapewa sehemu ya shamba la juu badala yake. Mahari nayo ilionekana haikukamilika. Ikalipwa mbuzi wawili.

Mwaka wa kwanza wa kurudishiwa bonde alitujia na swali la zaka. Alijua kwamba mazao ya mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na yanywayo kwa taabu ya mtu hutolewa nusu ya hiyo. Je, maharage yaliyonywa nusu ya siku zake mvua, na nusu ndoo yake? Tulirudi vitabuni kabla ya kumjibu: robo tatu ya ile moja katika kumi. Tukamwambia pia kwamba mavuno yake hayafiki nisabu ya wasaki tano, ambazo ni karibu kilo 650, hivyo si faradhi juu yake. Akatushukuru, kisha akapima akatoa vile vile.

Hivi sasa nyumbani kwake wanaishi wajukuu watano, na mjukuu wake mmoja wa kike amefungua chuo chake huko Kibondo. Bibi alikwenda kumzuru, akakaa wiki mbili, na kazi yake ilikuwa kuchambua maharage karibu na dirisha. Mjukuu ametuhadithia kwamba alikohoa mara tatu kwa muda wote huo, na mbili kati ya hizo zilikuwa za vumbi.

Aliporudi alitutaka tufuatane naye katika ofisi ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Karani, kijana mwenye adabu, alimwita Bibi, akamletea kiti, kisha akamletea wino wa kutia dole gumba. Akaukataa. Aliomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za kisomo, na chini yake akaliandika tena kwa herufi za chuo, kutoka kulia. Karani akauliza sahihi yake ni ipi kati ya hizo mbili. Akamwambia, "Zote mbili, mjukuu wangu. Andika."

Swala la mibuni bado halijaisha, kwa maana yeye adai kwamba nusu ya miche aliipanda mwenyewe, na wana wasema ni theluthi. Kikao ni baada ya mavuno. Mwezi ujao, inshaallah, tutaanza hesabu za mafungu, na tutaanzia hapo ambapo sisi hatukuanzia: mahari, madeni, na mali ya mke.