Ngeu ya Kwanza

Anayetoka kituo cha treni cha Sherbourne, Toronto, akashika njia ya kusini hadi Mtaa wa Wellesley, huona ndege kabla hajaona kitu kingine. Ni ndege wa hekaya anayeinuka kutoka majivuni, amechorwa ubavuni mwa jengo namba 200, kwa kimo cha kumkunja shingo mtazamaji. Majivu yake yana kisa. Septemba 2010 moto uliwaka katika jengo hilo na kuwaacha zaidi ya watu 1,000 bila mahali pa kulala. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, msanii Sean Martindale na shirika la STEPS waliushirikisha mtaa huo, vijana wakiwemo, kuupaka ukuta rangi.

Mtaa huo unaitwa St. James Town: minara 19 ya makazi iliyoanza kusimamishwa miaka ya 1960, imebanana kati ya barabara za Sherbourne na Parliament. Katika lifti moja husikika Kitagalogi, Kitamil, Kinepali na Kitigrinya, na Kiswahili nacho kimo. Watoto wa familia zilizotoka Afrika Mashariki hulelewa humo, husoma humo, na siku moja mwalimu au kitabu huwaambia sanaa ilianzia wapi. Jibu wanalopewa ndilo linalostahili kuhojiwa.

Kwa muda mrefu jibu limekuwa Ulaya. Kitabu cha Ernst Gombrich cha mwaka 1950, ambacho kimewafundisha mamilioni ya watu historia ya sanaa, hufungua hadithi yake kwa wanyama wa Altamira, Hispania, na Lascaux, Ufaransa. Ni michoro ya ajabu, na hakuna haja ya kuishusha hadhi. Ile ya Lascaux, iliyogunduliwa na vijana mwaka 1940, ina umri wa miaka kama 17,000. Ile ya Altamira ilionekana mwaka 1879, binti mdogo wa mtafiti Marcelino Sanz de Sautuola alipoinua macho kwenye dari ya pango. Wataalamu walimkatalia baba yake, wakidai kwamba watu wa kale wasingeweza kuchora vizuri namna ile. Émile Cartailhac, mmoja wa waliompinga, aliomba radhi kwa maandishi mwaka 1902, Sautuola akiwa kaburini miaka 14. Kosa lao halikuwa la macho. Walikuwa wameshaamua nani ana akili ya kuchora na nani hana.

Uamuzi wa namna hiyo umeinyima Afrika haki yake kwa kipindi kirefu zaidi.

Seremala wa Pwani anayetaka kupasua ubao hupiga ngeu kwanza. Huupaka uzi udongo mwekundu, huuvuta ukakaza, huuachia, na mstari ukabaki kwenye mti. Udongo huo, ngeu, una historia ndefu Afrika. Huko Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi kwenye barabara ya Magadi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba watu walikuwa wakikusanya na kukwangua mawe ya rangi nyekundu na nyeusi karibu miaka 300,000 iliyopita. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe yaliyotumika kuchanganyia rangi hiyo nyekundu miaka 100,000 iliyopita, na kipande cha jiwe chenye mistari tisa iliyokatizana, iliyochorwa kwa ngeu miaka 73,000 iliyopita. Mistari tisa si nyati wa Altamira. Lakini mtu aliyeichora alishika kipande cha ngeu kama mtoto ashikavyo chaki, akaacha alama ambayo haikuwa ya kuua mnyama wala ya kupikia.

Kisha kuna pango la Panga ya Saidi, katika vilima vya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini. Humo ndimo ulimopatikana mwili wa mtoto wa miaka kati ya miwili na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kikiwa kama kimewekewa mto. Habari zake zilipochapishwa mwaka 2021, dunia nzima ilimtaja kwa neno la Kiswahili: Mtoto. Katika pango hilohilo wanaakiolojia walipata ushanga wa gamba la konokono wa baharini, wenye umri wa kati ya miaka 67,000 na 63,000, na kipande cha ngeu kilichochanjwa, cha nyakati za baadaye.

Wako watakaosema ushanga ni pambo tu, sanaa ni kitu kingine. Mgawanyo huo ni wa vyuo vya Ulaya vya karne chache zilizopita, na Kiswahili hakiudai. Sanaa kwa Mswahili ni kazi ya mkono yenye ujuzi na uzuri ndani yake: mlango wa Lamu uliochongwa, mkeka wa rangi, kofia ya vito, hina ya bibi harusi. Aliyetoboa gamba Kilifi akalitia uzi alitaka kuonekana na mwenzake na kueleweka yeye ni nani. Ndipo sanaa inapoanzia, na mlango wa kuingilia historia yake ungefaa uwe huo.

Hata hivyo, mwenye hamu ya michoro yenyewe hana sababu ya kukosa. Kaskazini mwa Dodoma, katika vilima vya Kondoa, zaidi ya mapango 150 yana michoro ya miambani, na tangu mwaka 2006 eneo hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Twiga, tembo na pofu wamechorwa kwa ngeu. Watu ni warefu, wembamba, vichwa vyao vikubwa kama vilivyosukwa au kufunikwa. Juu ya michoro myekundu, mara nyingine, ipo mingine myeupe na minene, kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Wasandawe, ambao lugha yao ina midoko, wanahusishwa na ile ya kale, na wapo miongoni mwao waliokuwa bado wakichora katika karne ya 20. Huko Kolo, katika vilima hivyo, Warangi wenyeji hadi leo hutambika kuomba mvua. Kwa hiyo Kolo haifanani na Lascaux, pango lililofungiwa watalii tangu mwaka 1963. Kolo ina wenyewe.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro hiyo kwa karatasi angavu, umbo kwa umbo. Kitabu chake kilingoja hadi mwaka 1983 kutoka, na jina alilokipa lilitaja sanaa inayotoweka. Hakukosea. Jua, mvua na moshi vinaila. Watu huandika majina yao juu yake. Wengine huchimba chini ya miamba wakisaka mali wanayoamini ilifukiwa na Wajerumani, wakati mali imo usoni mwao. Mamia ya maelfu ya watu hupita Arusha kila mwaka kwenda Serengeti, na ni wachache mno wanaofika Kolo, ingawa barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha inapita hapo. Serikali ingepaswa kuajiri walinzi wa kutosha kutoka vijiji vya Kolo na Pahi, na kuweka mkononi mwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kijitabu cha Kiswahili chenye picha hizo. Ni aibu kwamba mtoto anaweza kumaliza shule Dodoma akiijua piramidi asiijue Kolo.

Tukirudi Toronto, mzazi wa St. James Town hana tiketi ya ndege ya kwenda Kondoa kila likizo. Ana jumba la makumbusho la Royal Ontario, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Mkusanyiko wake una nakala ya plasta ya ukuta wa malkia Hatshepsut wa Misri, iliyoletwa na mwanaakiolojia Charles Currelly mwanzoni mwa karne ya 20. Ukuta huo unasimulia safari ya baharini ya miaka karibu 3,500 iliyopita kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka Pembe ya Afrika: nyumba juu ya nguzo, miti ya ubani, samaki wa Bahari ya Shamu. Mtoto wa Kieritrea au Kisomali anayeutazama ana haki ya kuambiwa kwamba huenda anatazama kwao.

Na ana jabali la Peterborough, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Hapo Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wana mahali wanapopaita miamba inayofundisha: michongo kama 900 ya kasa, nyoka, ndege, mashua na watu, iliyochongwa kwenye mwamba mweupe karne nyingi kabla Toronto haijawa na jina. Mwaka 1984 lilijengwa jengo la kuukinga na baridi na mvua. Kupiga picha hakuruhusiwa, kwa kuwa ni mahali pa ibada, na wenyeji bado wanapatumia kama Warangi watumiavyo Kolo. Hifadhi hufunguliwa miezi ya joto tu. Familia inayokwenda iache simu mfukoni, isimame kimya kando ya jabali, na watoto watege masikio: chini ya nyufa za mwamba maji hupita, na sauti yake hupanda juu.