Ukielekea Rubavu na mtoto, mzigo uache Bugarama

Likizo ndefu ya shule nchini Rwanda huja wakati wa kiangazi, tangu Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Mvua zimekatika, na mama na baba wengi wanaofanya biashara kati ya Bugarama, Kamanyola na Kamembe hupata wazo moja: nina mzigo wa kupeleka kaskazini, mtoto yuko nyumbani hana kazi, basi tupande naye boti akaone ziwa. Wazo hilo lina pande mbili. Upande wa mtoto ni mzuri. Upande wa mzigo ndio ninaoupinga.

Najua nitakavyojibiwa. Nauli ni nauli, na mfanyabiashara hapandi boti mikono mitupu. Tena mtoto atajifunzia kazi wapi kama si kando ya mzazi wake? Haya, akajifunze sokoni Bugarama siku ya kawaida, ambako jirani anamfahamu na akipotea atarudishwa kabla ya jua kuzama. Kwenye gati ni mambo mengine. Boti ikifunga kamba, mwenye mzigo ana macho mawili na yote yako kwenye magunia: nani anashusha, nani anahesabu, nani amechukua lisilo lake. Mtoto wa miaka 7 aliyesimama ukingoni mwa gati wakati huo hana mtu.

Hilo ziwa nalo si la kuchezea. Kivu lina kina cha mita zipatazo 480 na mahali pengi kingo zake hushuka ghafla. Hatua chache tu maji yanapita kimo cha mtu mzima. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaza watu na mizigo, ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Makumi ya abiria walikufa. Tunaosafiri na magunia tuna desturi ya kuhesabu kilo zetu na kusahau kilo za wenzetu, na boti hubeba zote.

Kwa hiyo nasema: safari ya mtoto iwe ya mtoto. Ukishakubali hilo, swali la pili ni wapi ushuke naye, na hapo ndipo wengi hukosea kwa sababu hawapangi. Hushuka popote boti inaposimama, hununua soda, hurudi mbio.

Tangu 2023 upande wa Rwanda wa ziwa kuna meli ya kitalii iitwayo Mantis Kivu Queen uBuranga, yenye vyumba 10, inayozunguka na wageni kati ya miji ya pwani. Si ya mfuko wetu, wala sioni haja ya kuionea wivu. Lakini kuna jambo la kujifunza kwa wageni wale. Kila wanaposhuka, saa ya kurudi imeshajulikana, mwenye mtumbwi ameshapatikana na jaketi la kuokoa maisha liko tayari. Mtalii hulipia sana utaratibu huo. Sisi tunaweza kuupanga wenyewe, kwani lugha tunayo, bei tunazijua, na hatuoni haya kuuliza mara tatu.

Kanuni yangu ya kwanza ni ya barabara. Shuka na mtoto mahali ambapo boti ikikuacha, basi litakuchukua. Upande wa Rwanda jambo hilo linawezekana, maana barabara ya lami inafuata ziwa kutoka Rusizi kupitia Nyamasheke na Karongi hadi Rubavu. Ukichelewa Karongi umepoteza nauli ya boti, basi. Ukichelewa kisiwani Idjwi, umelala huko na mtoto wa watu, labda bila karatasi yoyote inayoeleza kwa nini mko Kongo. Idjwi ni kisiwa kizuri, chenye mananasi na kahawa, lakini wavuvi na wanawake wa pale wanaweza kukueleza wangapi walizama usiku wakivusha kahawa kuja upande huu. Kiache kwa mwaka ambao mtoto ameshakua na anajua kuogelea.

Kanuni ya pili: kituo kimoja kwa siku. Boti ya abiria haiendi kila siku, na ratiba yake hubadilika bila taarifa, kwa hiyo uliza gatini Kamembe jana yake, siyo wiki iliyopita. Muulize pia anayekata tiketi boti itasimama Karongi kwa muda gani. Akikwambia nusu saa, usijidanganye kwamba utamtembeza mtoto mahali na kurudi. Ama mbaki ndani, ama mshuke na vitu vyenu, mlale, na kesho yake mwendelee kwa basi. Na saa iliyoandikwa kwenye tiketi isomeni vizuri: 7:30 ya karatasi ni saa moja na nusu ya midomo yetu. Utani huu umewaacha watu wengi gatini.

Mtoto wa Bugarama atashangazwa kwanza na baridi. Kwetu ni bonde la mpunga na joto, mahali pa chini kabisa nchini Rwanda, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Asubuhi, upepo wa majini hupenya fulana ya Bugarama kama vile haipo. Beba sweta, na kofia kwa ajili ya saa sita. Pia mwonyeshe, mkiwa mnatoka Kamembe, mahali ziwa linapogeuka kuwa mto. Mto Rusizi anaoujua yeye, unaopita kando ya mashamba yetu kwenda Tanganyika, unaanzia hapo, kati ya Kamembe na Bukavu. Watoto wanaojua mto kwa mkia tu hufurahi sana kuuona kichwa. Hicho ni kitu ambacho hakilipiwi hata franka moja.

Karongi ndipo ningekaa. Kuna mitumbwi ya kukodi kwenda visiwani, na kile wanachokiita kofia ya Napoleon kina popo wengi ambao mtoto atawasimulia mwaka mzima. Lakini kina mlima wa kupanda. Kwa mtoto mdogo chagua kisiwa cha karibu, cha Amahoro, akae majini mahali ambapo wewe mwenyewe umesimama na maji hayajafika kifuani pako. Bei ya mtumbwi ipatane kwa safari nzima, kwenda, kungoja na kurudi, na ulipe mkirudi. Jaketi la mtoto lifunge wewe, ukalivute juu: likitoka kichwani, ni la mtu mzima na halimsaidii. Kama hakuna la kimo chake, msiende. Mama mwenye mtumbwi wake atakasirika, na hasira yake itapita.

Mjini Karongi kuna pia kanisa lililo kwenye rasi juu ya ziwa, na kando yake kumbukumbu ya waliouawa humo Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mtoto ataliona na atauliza. Sioni vema kupaweka pahali hapo kati ya kuogelea na soda, kama kituo kimoja cha matembezi. Kama umri wake unaruhusu, nendeni asubuhi peke yake, kwa utulivu, na siku hiyo msipange kingine. Kama hauruhusu, mjibu kwa ufupi na kwa ukweli, na mwahidi mtarudi.

Jioni msilale mapema. Wavuvi wa sambaza hutoka machweo na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba na taa zao mbele. Mwambie mtoto kwamba samaki hao si wenyeji: walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Kivu. Ni jamaa wa ndagala wa Bujumbura na dagaa wa Kigoma. Mfanyabiashara wa sambaza anayemfundisha mwanawe hilo amemfundisha biashara, na hakubeba kilo moja.

Rubavu ni mji wa ufuo wa mchanga, na huko hakuna haja ya maelekezo mengi. Ila ningempeleka mtoto akaone mpaka mdogo, kwa mbali, asubuhi watu wanapovuka kwa maelfu na mabeseni vichwani. Katika mji huo huo, ulipokuwa ukiitwa Gisenyi, tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa kuanzisha CEPGL. Jeto na vibali ambavyo wazazi wake wamezoea kuvukia vina historia yao pale.

Kuvuka kwenda Goma naye, hapana. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, utaratibu wa mipaka na wa boti za upande wa pili hubadilika. Mtu mzima mwenye biashara yake ataamua mwenyewe, lakini matembezi hayana dharura. Halafu kuna mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini kati ya Goma na Sake na kujilaza mabondeni. Haionekani, na hujikusanya chini, kwenye kimo cha mtoto.

Sasa karatasi, jambo linalonikera zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinachopatikana mpakani penyewe. Gunia la mchele limefikiriwa. Mtoto wa mwenye gunia hana karatasi rahisi ya namna hiyo. Kitambulisho cha taifa ambacho mzazi huvukia, mtoto wa chini ya miaka 16 hakuwa nacho. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na bado kila anayesafiri na mwanawe huanza maelezo upya mbele ya kila afisa. Kuna vituo vya kulelea watoto wachanga vilivyojengwa karibu na mipaka ya Rusizi na Rubavu ili mama avuke akifanya kazi. Ni jambo jema, nalishukuru. Lakini vinajibu swali la mtoto anayebaki. La mtoto anayesafiri halijajibiwa, na vyama vyetu vya wafanyabiashara, ambavyo hupiga kelele mara moja ushuru wa nyanya ukipanda, sijavisikia vikiliuliza.

Mpaka lijibiwe, hata kwa safari ya ndani ya Rwanda beba cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako yenye namba yake ya simu, hasa kama jina la mtoto halifanani na lako. Baba anayesafiri na binti asiudhike akiulizwa. Afisa anayeuliza anafanya kazi ambayo ningependa aifanye kwa binti yangu. Anayelazimika kuvuka kuingia Kongo aongeze hati ya kusafiria ya mtoto na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanzia umri wa miezi 9.

Kurudi, pandeni basi. Barabara ina kona nyingi kati ya Karongi na Nyamasheke na mtoto atatapika kama ameshiba. Mpe chakula mkifika Kamembe, na umkalishe dirishani upande wa ziwa, ambao kwa anayerudi kusini ni wa kulia.