Phantom Liberty ni Moto, Ila Wenye PS4 Wameachwa Kwenye Mataa

Kuna watu waliumia sana na Cyberpunk 2077. Gemu lilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, mwenye PS4 aliingiza diski yake akakutana na kimeo kitupu: picha zinaganda, wapita njia wanatokea na kupotea kama majini, halafu gemu linajizima lenyewe katikati ya misheni. Hali ilikuwa mbaya mpaka Sony wakaliondoa PlayStation Store mwezi huohuo na kurudisha hela kwa waliodai. Halikuonekana tena dukani mpaka Juni 2021.

Sasa basi, tarehe 26 Septemba 2023 wapishi walewale, CD Projekt Red wa Poland, wakaleta nyongeza yake inayoitwa Phantom Liberty. Ikatoka kwa PC, PS5 na Xbox Series X na S. Mwenye PS4? Hola.

Haki itendeke kwanza, mzigo wenyewe ni mkali. V, yule mhusika unayemcheza, ana chipu kichwani inayomuua taratibu. Anatafutwa na mdada anaitwa Songbird na kupewa dili: msaidie kumuokoa Rais, naye atamponya. Ndege ya Rais Myers imedondoka Dogtown, mtaa uliozungushiwa ukuta ambao unatawaliwa na Kurt Hansen, mwanajeshi wa zamani mwenye jeshi lake mwenyewe. Hapo ndipo anapoingia Solomon Reed, jasusi aliyetelekezwa na serikali yake miaka 7, kwa sura na sauti ya Idris Elba. Ndiyo, huyuhuyu wa mpango wa studio ya filamu Zanzibar. Elba hapigi kelele humu. Anaongea taratibu kama mtu aliyechoka na kazi, na ndiyo maana unamwamini hata pale ambapo hukupaswa kumwamini.

Utamu wake ni kwamba hakuna mtu msafi. Songbird anadanganya. Reed naye anadanganya, ila yeye anaita wajibu. Rais mwenyewe ndiye balaa kuliko wote, na anaongea vizuri kuliko wote.

Ambaye hajacheza na hataki kuharibiwa uhondo, aruke aya hii. Ukifika mbele lazima uchague upande, na chaguo lina uzito kweli, siyo yale ya kubadilisha sentensi mbili halafu mnarudi palepale. Ukimfuata Reed unaishia chini ya ardhi kwenye jengo la kijeshi lililoachwa, roboti linakuwinda na silaha zako zote hazilifanyi kitu. Gemu la risasi linageuka la kutisha ghafla, unajificha chini ya meza kama mtoto. Ukimsaidia Songbird atoroke, mnapambana mpaka kwenye kituo cha roketi, na dakika za mwisho anakutolea siri: dawa inatosha mtu mmoja tu. Yaani alijua muda wote! Na bado kuna watu wanampakia kwenye roketi, na wanajua kabisa kwa nini.

Mapungufu yapo. Dogtown ni padogo, na kazi za pembeni kama kugombania masanduku yanayodondoshwa na ndege au kuiba magari na kuyapeleka kwa mteja zinachosha mapema, kwa sababu ya kwanza na ya kumi hazina tofauti kubwa. Za Mr. Hands ndizo zimeandikwa kwa akili. Halafu washkaji wa V, akina Judy na Panam, hawana nafasi kwenye stori hii. Mtu anahangaikia kupona na marafiki zake wa damu hawahusiki? Hapo waandishi walijirahisishia kazi.

Kuna na sifa ambazo nyongeza hii inapewa bure. Polisi kukufukuza kweli kwa magari, kupiga risasi huku unaendesha, mfumo mpya wa ujuzi, hivyo vyote vilikuja na sasisho la 2.0 tarehe 21 Septemba 2023, siku tano kabla, bila kulipia hata senti. Anayesema Phantom Liberty ndiyo iliyolifufua gemu kachanganya madesa. Dola 30 zinanunua stori, Dogtown, ujuzi kadhaa wa ziada na mwisho mmoja mpya. Kwa stori ile, hela imetendewa haki.

Sasa lile sasisho la bure nalo PS4 haikupewa. Iliachwa kwenye toleo la 1.6. Utetezi unajulikana: mashine ni ya 2013, diski yake ni ya polepole, haiwezi kubeba mji mzito namna ile. Ni kweli kabisa. Lakini ilikuwa kweli 2020 pia, na mwaka ule hakuna aliyekataa hela ya mwenye PS4. Wanaowatetea hukumbusha kwamba nakala ya PS4 inapandishwa kwenda ya PS5 bure. Sawa, ila hiyo ni kama kumpa tairi mtu asiye na gari. Bei ya PS5 kwa kijana wa Dar au Nairobi siyo hela ya kutoa mfukoni, ndiyo maana vibanda vya gemu mtaani bado vimejaa PS4.

Punguzo la bei kwa walionunua lile toleo bovu lingewezekana. Hata barua ya kukiri kwamba hawakupaswa kuuziwa kabisa.

Kwa sasa mwenye PS4 anamwona Reed YouTube, kwa bando lake mwenyewe, na kumuacha Songbird au kumpakia kwenye roketi anaamua mtu mwingine.