Jina la Mama Liandikwe Kwenye Chai

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, Oktoba ikikaribia hakuna neno linalotajwa vijijini kwetu kuliko bonasi ya chai. Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo, Ogembo, Nyamache, Kiamokama: kila kiwanda hutangaza kitalipa shilingi ngapi kwa kilo, na mwenye namba ya chai, yaani mkulima aliyesajiliwa, huanza kupiga hesabu ya mabati, ya karo, ya ng'ombe wa maziwa. Kabla hesabu hiyo haijafika mbali, nawauliza: namba hiyo imeandikwa jina la nani?

Mchumaji twamjua. Alfajiri, umande ukiwa bado mzito, mama amekwisha kujifunga nailoni kiunoni na kikapu kiko mgongoni. Anachuma majani mawili na chipukizi, mstari kwa mstari, hata vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni. Mchana huubeba mzigo hadi kituoni, akangoja mizani, akangoja na lori. Karani hupima, kisha huandika kilo hizo kwenye namba ya mume. Mwisho wa mwezi malipo huingia katika akaunti ya mume, na bonasi nayo hufuata njia hiyo hiyo. Mwaka mzima wa kazi, na jina la aliyeifanya halimo hata kwenye risiti.

Wapo wanaume waadilifu, na nawaheshimu. Siku ya bonasi hukaa na wake zao wakapanga matumizi shilingi kwa shilingi. Lakini mke hapaswi kuishi kwa kutegemea tabia njema ya mtu mmoja, maana mtu hufa, na mtu hubadilika. Nanyi mmeziona nyumba nyingine, ambako baba huvaa koti siku pesa zinapoingia, akashika njia ya Keroka au ya Kisii mjini, akarudi baada ya juma zima bila hata daftari la mtoto.

Mtaniambia kuwa hiyo ni mila ya Abagusii, na chai ni ya mwenye boma. Tuitazame mila yenyewe basi. Katika boma la wake wengi, kila mke alikuwa na mashamba yake na ghala lake, na mavuno yake yalilisha nyumba yake. Mume alijiwekea kipande chake, emonga, na hakuyagusa maghala ya wake zake apendavyo. Chai ilipoingia kwa wakulima wadogo miaka ya mwisho ya ukoloni, kisha ikawekwa chini ya mamlaka ya chai, KTDA, mwaka 1964, aliyesajiliwa alikuwa mwenye ardhi. Hati za ardhi nazo zilipotoka, nyingi zilitoka kwa majina ya wanaume. Hivyo mashamba ambayo zamani yangelimwa kwa ajili ya ghala la mama yakageuka kuwa emonga moja kubwa, na mama akabaki kibarua asiye na ujira katika shamba la nyumba yake. Hilo wazee wetu hawakutuachia. Limeletwa na makaratasi, na makaratasi yanaweza kuandikwa upya.

Sheria nayo haiko upande wa anayekataa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali. Hata hivyo, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Mchango lazima uthibitishwe. Fikirini maana yake kwa mama wa Nyansiongo. Amechuma miaka 30, na kila kilo imeandikwa kwa jina lisilo lake. Atathibitisha kwa kitu gani? Tena wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima waliosajiliwa, kwa hiyo asiye na namba hana sauti hata katika kuwachagua wanaozisimamia fedha alizozitafuta yeye.

Kule Tabaka, kwenye vinyago vya mawe, hali ni hiyo hiyo. Wanaume huchimba jiwe na kulichonga. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae, wakalipwa kwa kipande, na malipo yao ni madogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, lakini inamwangalia mwajiri na mwajiriwa. Mama anayesugua vinyago uani kwake nani atamtetea, ila sisi wenyewe tunaopanga bei naye?

Narudi kwenye chai, kwa kuwa hapo mkono wetu unafika leo. Kuna anayenong'ona kwamba mke akipewa namba atatoroka na bonasi. Ndugu yangu, mke huyo tayari ameanza kuitoroka chai yako. Anachuma haraka haraka, kisha anakimbilia ndizi na mboga, kwa sababu pesa ya soko la Daraja Mbili humwingia mkononi jioni ile ile. Nawe unalalamika kwamba majani yamekomaa na kilo zimepungua. Mpe sehemu ya mashina iwe yake, uone kama majani yatakomaa tena.

Basi tusingoje Oktoba. Wiki hii nendeni wawili kiwandani, kila mmoja na kitambulisho chake, mwombe sehemu ya mashina isajiliwe kwa jina la mama, au malipo yaingie katika akaunti ya wote wawili. Na mama huyo atakapotua kikapu chake kituoni, karani amwite kwa jina lake mwenyewe.