Ardhi Yetu, Siri Yao

Kila nisikiapo mkubwa akisema kwamba mataifa hupeana habari za kijasusi kwa kuwa ni marafiki, huikumbuka shule moja ya Mombasa, Allidina Visram, inayotazamana na Bahari ya Hindi. Nimepita mbele yake tangu utotoni, wala hakuna mzee aliyenieleza yaliyofanyika humo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Niliyasoma ukubwani, tena katika vitabu vya Waingereza.

Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo. Waingereza wakawahamishia Mombasa wataalamu wao wa kunasa na kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, wakawaweka katika shule hiyo. Mawimbi ya redio yalifika hapo kwa unyonge, maana adui alikuwa mbali. Hata hivyo walifumbua maandishi yaliyotumiwa na merikebu za biashara za Kijapani. Mwaka 1943 wakafunga mizigo, wakarudi Colombo, na siri zikaondoka nao. Sisi tukabaki na kuta.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Jiografia humpa mtu mahali pa kutegea sikio, lakini historia ndiyo huamua sikio hilo ni la nani.

Asiyekubali na aitazame ramani. Machi 1946 Uingereza na Marekani zilitia sahihi mapatano ya kupeana habari zilizonaswa. Baadaye zikaingia Canada, Australia na New Zealand. Maandishi ya mapatano hayo hayakutolewa hadharani hadi 2010. New Zealand iko upande wa pili wa dunia, nayo imo. Ufaransa, ambako siku ya anga safi mtu huyaona majabali ya Dover kwa macho yake, haimo. Basi si ujirani unaowaunganisha watano hao. Ni lugha moja, mizizi ya dola moja, na kuaminiana kulikozaliwa vitani. Na Cyprus je? Ilipopata uhuru 1960, Uingereza ilijibakizia kilomita za mraba zipatazo 254 za kisiwa hicho, na hadi leo huisikiliza Mashariki ya Kati kutoka hapo. Cyprus ina mahali, lakini haina kiti mezani.

Nitaambiwa kuwa sisi wanyonge tunafaidika, kwani wakubwa hutuonya. Haya, twende Nairobi. Agosti 1997 wapelelezi wa Kimarekani pamoja na polisi wa Kenya waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage, mtu wa karibu wa Osama bin Laden. Balozi Prudence Bushnell naye aliieleza Washington kwamba jengo la ubalozi halikuwa salama. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu likalipuka. Kati ya watu 213 waliouawa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Sidai kwamba kuna aliyeijua siku. Nauliza tu: yale machache yaliyojulikana, nani alimwambia karani wa jengo la jirani, au abiria wa basi lililokuwa likipita?

Rafiki yangu mmoja alisikia mlipuko mdogo wa kwanza, akakimbilia dirishani kutazama. Vioo vikamtoa macho yote mawili. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji hakupona.

Sisemi tusipeane habari na mtu. Nasema tusiite urafiki kitu ambacho ni urithi wa wenyewe. Mkono mtupu haulambwi, na sisi mkono wetu si mtupu: tuna pwani, bandari na mipaka. Anayetaka kutegea sikio kwetu na aandike masharti, wabunge wetu wayasome, na hatari inayomkabili raia atajwe raia huyo kuwa wa kwanza kuambiwa. Na kabla ya kukimbilia ng'ambo, tuzoee kuambiana na jirani wa mpaka mmoja, kwa maana nyumba yake ikiungua moshi hutufikia sisi.

Rafiki yangu huniuliza mpaka leo, "Waliokuwa wakijua, walikuwa wakijua nini?" Sijapata la kumjibu.