Kwa Ndugu Zangu wa Bukima, Juu ya Baa Mnayotaka Kuifungua

Baba wadogo, shangazi na kaka zangu waheshimiwa,

Barua yenu imenifikia hapa Leeds, nami nimefahamu kwamba mmekubaliana kujenga baa karibu na mwalo, na kwamba mnanitazamia mimi nitoe rasilmali. Sikatai. Wala sitaki kuufufua mjadala wa dini, ingawa wengi wetu tumelelewa katika nyumba za Wasabato wasiogusa kileo. Hilo wazee mmekwisha kuliamua. Ila madhali nimesimama kaunta huku, na kabla ya hapo Musoma mjini, naona ni wajibu wangu kuwaelezeni biashara hii ilivyo wateja wakisha kwenda zao, kwani mpita njia huona taa na kusikia muziki, asimwone anayedeki choo saa saba za usiku.

Fedha itakayolala kwenye droo aghalabu si yenu. Kabla ya kuuza bia ya kwanza sharti muwe na kreti na chupa tupu za kumkabidhi wakala, au mziwekee amana, na tangu siku hiyo kila chupa itakayovunjika au kuondoka na mteja hupunguza mtaji. Kisha ipo leseni ya vileo ya halmashauri, yupo bwana afya, ipo mashine ya risiti ya TRA, na upo umeme wa LUKU, ambao ukikatika bia huwa moto na mteja huhamia kwa jirani. Tena serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017, aliyekuwa amejaza stoo kwa mkopo alibaki na shehena asiyoweza kuiuza, ilhali deni lake halikupigwa marufuku.

Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba fedha ya ufukweni hufuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa huwa ziwani na taa zao, na mbalamwezi ikiingia hupumzika nchi kavu. Ndipo baa hujaa, na ndipo daftari la madeni nalo hujaa, maana anayeagiza ni mjomba, ni shemeji, ni mtu mliyesoma naye Bukima, na ni nani miongoni mwenu atakayemnyima? Baa nyingi zimekufa zikiwa na wateja tele.

Lakini lililonikalisha kuandika usiku huu ni wahudumu. Sheria ya vileo ya 1968 huruhusu kuuza tangu saa 10 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu tangu saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Anayemwambia mlevi kwamba saa imefika si mwenye baa, ni binti aliyesimama tangu jioni, ambaye ameshikwashikwa na kutukanwa, na ambaye bado atatembea peke yake gizani kurudi kwake. Asubuhi stoo ikihesabiwa na mauzo yakapungua, shoti hukatwa kwake, hata kama aliyekunywa bila kulipa ni rafiki wa tajiri. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2013 ilizitaja baa kwa jina, ikaweka shilingi 130,000 kwa mwezi, na amri zilizofuata zimeongeza. Sheria ya ajira ya 2004 nayo hudai nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Nimewajua wahudumu waliolipwa chai ya wateja tu, na bosi wao akajiita mfadhili. Dhulma hiyo siwezi kuigharimia, hata ikiwa faida yake ingesomesha wana wetu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Niandikieni mkataba wa kila mhudumu, mshahara wake ukiwa juu ya kima cha chini, shoti isikatwe ila kwa aliyethibitika kuichukua, na pikipiki ya mtu mnayemwamini iwarudishe wahudumu nyumbani kila usiku kwa gharama ya baa. Shangazi ashike daftari la madeni, kwani yeye ndiye pekee ninayemjua anayeweza kumkatalia mjomba. Mkinitumia makisio yenye mambo hayo kabla ya mwisho wa mwezi, fedha ya kreti na ya jokofu la kwanza nitaituma.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Leeds