KABLA YA KUZIMA MTANDAO WA ZAMANI, TUFUNGUE DAFTARI

Ndugu wanachama wa ushirika,

Siku hizi pale kwenye mizani maneno ni mengi. Huyu anasema vitochi vinazimwa kesho, yule anasema ni uongo wa wauza simu. Sisi tumeona tuandike hapa yale tunayoyajua. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Kwanza, jambo hili ni la kweli, ila si la kesho. Hapa kijijini mtandao wa zamani bado unafanya kazi. Lakini wenzetu wamekwisha anza. Huko Australia makampuni yalimaliza kuzima 3G mwaka 2024. Vietnam simu za 2G tupu zilikatiwa huduma Oktoba 2024. Afrika Kusini Serikali imepanga 2G na 3G ziwe zimezimwa ifikapo mwisho wa 2027. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Pili, kwa nini wanazima? Mawimbi ya redio ni kama shamba, eneo ni lile lile, haliongezeki. 2G ilianza kutumika Finland mwaka 1991, na imezeeka. Katika eneo lile lile 4G hupitisha mambo mengi zaidi. Tena kampuni yenye mitambo ya zamani na mipya kwenye mnara mmoja hulipia umeme na vipuri vya yote. Kwa hiyo tusiseme ni ubaya mtupu. Mkulima anayeng'oa mibuni mizee ili apande mipya hana kosa. Kosa ni kung'oa shamba zima siku moja. Sasa hapo watoto watakula nini?

Tatu, tuangalie inatugusa wapi. Hela ya kahawa inaingia kwenye simu. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku unakuja kwenye simu. LUKU tunanunua kwa simu. Yote haya wengi wetu tunayafanya kwa kitochi, kwa nyota na reli, bila intaneti.

Na hapa ndipo penye uchungu. Sisi tulioingia darasa la kisomo tukiwa na mvi tunajua. Yupo mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja. Zamani hela yake ikiingia alimpa kijana simu pamoja na namba ya siri, na kila mara hela ilipungua njiani. Alipojifunza kusoma, neno la kwanza alilolitafuta kwenye simu yake lilikuwa "Umepokea". Siku hiyo alisoma mwenyewe, akahesabu mwenyewe, akaenda kwa wakala mwenyewe. Jamani, mama huyu ukimnyang'anya kitochi ukamwekea mkononi simu ya kupangusa, bila kumfundisha, umemrudisha kwa yule kijana. Hapo hukumletea maendeleo, umemfuta kisomo.

Nne, tahadhari kwa wanaotaka kununua sasa. Simu kuandikwa 4G hakutoshi. Zipo simu za 4G ambazo intaneti yake ni ya 4G, lakini ukipiga zinarudi kwenye mtandao wa zamani kupitisha sauti. Mtandao huo ukizimwa, simu inabaki bubu. Kule Australia iligundulika kuwa simu nyingine zinapiga vizuri kwenye 4G, kumbe kwa namba ya dharura, 000, zilikuwa zinategemea 3G. Ikabidi zifungiwe. Basi muulize muuzaji: "Inapitisha sauti kwa 4G, hiyo wanayoita VoLTE?" Akibabaika, rudisha hela mfukoni. Tena mjue kuwa vipo vitochi vya 4G vyenye vitufe vilevile tulivyovizoea. Si lazima kila mzee apanguse.

Sasa tufanye nini? Sisi tunapendekeza mambo matatu.

(1) Lifunguliwe daftari ofisini kwa ushirika. Kila mwanachama aje na simu yake, iandikwe ni ya aina gani. Tukijua wangapi watabaki gizani, tutasema kwa hesabu, si kwa kulalamika.

(2) Darasa la kisomo liongezewe kipindi cha simu. Vijana mnaojua, njooni mfundishe. Lakini mfundishe mikono yenu ikiwa mgongoni, mzee abonyeze mwenyewe. Na namba ya siri ya mtu usiiulize.

(3) Tupeleke barua kwa Serikali na makampuni ya simu. Siku ya kuzima itangazwe mapema sana. Mtandao wa zamani usizimwe mahali ambapo mpya haujafika, na vitongoji vya bondeni vihesabiwe. Ushuru wa simu za bei nafuu upunguzwe. Afrika Kusini, tarehe 1 Aprili 2025, waliondoa ushuru wa anasa wa asilimia 9 kwenye simu za kisasa za randi 2,500 kushuka chini. Kama wao wameweza, na sisi tuombe.

Tunakumbuka televisheni za zamani zilivyoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Asiye na king'amuzi alibaki anatazama chenga. Lakini televisheni ikizima unakosa taarifa na mpira tu. Simu ikizima unakosa hela ya kahawa uliyoilimia mwaka mzima.

Daftari litafunguliwa Jumamosi, baada ya kupima kahawa. Njooni na simu zenu, hata ile iliyofungwa kwa mpira.

Ndimi wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi

(Asiyekubaliana nasi aandike naye, ubao ni wa wote.)